Swali la Saba

Umeme umekatika Ihumwa. Sechelela kawasha tochi ya simu yangu,
chaji asilimia kumi na moja, maswali kumi na mawili.
"Baba, nisaidie. La kwanza:
manyunyu kwa mvua ni kama upepo kwa nini?"

Vumbi, nikasema.
Nani wa Ihumwa angejibu tofauti, mwezi huu wa Agosti?
Akanicheka kwa upole, kama anayemvua mzee miwani.
"Vumbi huletwa na upepo, Baba, si upepo uliokua.
Tunatafuta kitu kilekile, kimeongezeka tu."
Akaandika: tufani.

Mimi ni mfyatua tofali.
Najua kipimo cha kalibu, najua udongo uliolewa maji.
Maneno sijawahi kuyapima.
"Usiangalie vitu," akasema, "angalia hatua,
toka hapa mpaka pale.
Kisha ibebe hatua hiyohiyo, ukaishushe kwingine."

Nikaibeba.
Mkwaruzo kwa jeraha. Kusinzia kwa kulala fofofo.
Tabasamu kwa kicheko cha shangazi yake Mbeleje,
kile kinachoamsha mbuzi zizini.
"Hicho cha shangazi hakimo kwenye majibu," akasema,
lakini nilimwona anatabasamu,
na tabasamu likapanda ngazi moja.

Tukafika la saba.
*Korongo kwa ____ ni kama kilima kwa mlima.*
"Mto," akasema, penseli tayari imegusa karatasi.
Ngoja, mwanangu.
Aliyetunga swali hili hakulala hapa kwetu.
Korongo letu miezi minane ni uwanja wa mpira,
mbuzi hulalia mchanga wake, wewe mwenyewe umetambaa humo.
Halafu usiku mmoja wa Januari linakuja bila hodi:
lilibeba tanuru langu,
tofali elfu nne mbichi zikarudi kuwa tope,
na toroli la Mazoya hatujaliona mpaka leo.
Mto gani umewahi kunifanyia hivyo?
Andika: inategemea mwezi.

"Madamu hataki mwezi, Baba. Anataka neno moja."
Akaandika: mto.

La tisa halikumchelewesha.
Kijiji kwa mji, mji kwa jiji.
Alilijibu kama anameza maji,
nami likanikwama kooni.
Kwa sababu nililala kijijini nikaamkia jijini,
kitanda kilekile, kunguni walewale.
Wapima walikuja na kamba,
wakachomeka kigingi katikati ya mtama wa mama,
na kijiji kikang'oka *ki* yake
kama jino la utotoni.
Ndoo ya maji haikukua hata kidogo. Bei yake ilikua.
Na mimi nafyatua, nafyatua:
nyumba, jumba, kijumba,
tofali ni lile moja.
Jumba ni lao. Kijumba nakifahamu,
ndimo tulimokaa na tochi hii.

"Baba, umenyamaza."
Kunyamaza kwa nini, Sechelela? Endelea tu.

La kumi na moja simu ikalia mara moja, ikazima.
Sikuona kitu.
Nilisikia penseli bado inakwaruza,
polepole, kama kuku anayetafuta punje gizani,
halafu raba,
halafu penseli tena.

Asubuhi akiwa anaoga nikafungua daftari.
Saba palikuwa pamefutwa mpaka karatasi imetoboka kidogo,
na kando ya tundu, kwa herufi za sisimizi:
*inategemea mwezi*.

Ijumaa likarudi. Kumi na moja kati ya kumi na mbili.
Msalaba mwekundu umesimama pale pa saba,
mkubwa kuliko jibu lenyewe.

Sikusema neno. Nikaenda kuchanganya udongo,
na tanuru, safari hii,
nimelipandisha juu kidogo, mbali na mchanga.
Januari itasahihisha.